Shemeji, karatasi ya kanisani na barabara ya kwenda Dallas

Ijumaa, 20 Oktoba 2023. Washington

Safari yenyewe ilianza kwa sababu ya gari. Kaka yake shemeji Elisha anaishi Dallas, kanunua Toyota huku Maryland kwa bei ya kutupa, na lazima mtu amfikishie. Shemeji akachukua likizo ya wiki moja, akaniomba nimsindikize tupokezane usukani, kisha turudi kwa ndege. Nikamwambia nitakuja kwa sharti moja: njia nachagua mimi.

"Njia gani?"

"Ya makanisa."

Akacheka. Elisha ni mtu wa Kisumu, mpentekoste wa kukesha, na mambo mengi ya hawa Wakristo wahafidhina wa Marekani anayaafiki bila kutafuna maneno. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, niliyepewa kipaimara na kuonywa nisipayuke ibadani. Kwa miaka kumi na moja niliyokaa nchi hii nimekuwa nikiwasikia wakitajwa kwenye taarifa ya habari kana kwamba ni mvua: wamenyesha, wamekauka, wamesababisha mafuriko. Nilitaka kuona wamefikaje walipofika.

Kwa hiyo tukaanzia walikofika, kwenye ngazi za Mahakama ya Juu. Marumaru nyeupe, watalii wanapigana picha, askari mmoja anapiga miayo. Hapa ndipo tarehe 24 Juni 2022 majaji walipofuta uamuzi wa kesi ya Roe, uliokuwa umeilinda haki ya kutoa mimba nchi nzima tangu tarehe 22 Januari 1973. Miaka 49. Tangu 1974 waandamanaji wamekuwa wakija mji huu kila Januari, na Januari ya Washington si ya mchezo, baridi inakukata masikio. Wengi wa mwanzo walikuwa Wakatoliki, si hawa Wabaptisti wa kusini tunaowadhania. Hilo liwekwe akilini, litatufaa Jumatatu.

"Miaka 49 mtu anarudi palepale," shemeji akasema. "Hao wana imani."

Nikamjibu kwamba imani ninayo hata mimi, lakini sijawahi kurudi sehemu moja mara 49 isipokuwa kazini.

Jumamosi, 21 Oktoba. Virginia Beach

Saa nne nzima barabarani kwa sababu ya foleni ya daraja la Hampton Roads. Tukaingia kwenye eneo la Pat Robertson, mhubiri wa televisheni aliyefariki Juni mwaka huu akiwa na miaka 93. Majengo ya matofali mekundu, nguzo nyeupe, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha askari mpya. Upande mmoja kituo cha televisheni cha CBN, upande mwingine Chuo Kikuu cha Regent alichokianzisha.

Shemeji anamfahamu Robertson tangu utotoni kwa kumwona kwenye runinga ya jirani, akiombea watu wenye mgongo na figo. Asichokijua ni jina la kipindi chake, The 700 Club, lilikotoka. Mwaka 1963 kituo kilikuwa hakina hela. Robertson akaomba watazamaji 700 wajitolee dola 10 kila mmoja kwa mwezi, zitoshe dola 7,000 za kuendeshea kituo. Ndiyo ikawa klabu ya watu 700. Harambee, kwa lugha ya kina shemeji, tofauti ni kwamba hii kila aliyechangia jina na anwani yake viliandikwa na havikutupwa.

Mwaka 1988 Robertson aligombea urais. Kule Iowa akashika nafasi ya pili kwenye mchujo wa chama cha Republican, akamwacha nyuma George Bush aliyekuwa Makamu wa Rais. Mwishowe alishindwa, Bush akaenda Ikulu. Mwingine angekunja jamvi. Yeye mwaka uliofuata akachukua orodha ya waliomuunga mkono, akamkabidhi kijana anaitwa Ralph Reed, wakaanzisha kundi la Christian Coalition. Kazi yao kubwa haikuwa maandamano. Ilikuwa karatasi.

Hapa lazima nieleze sheria kidogo. Tangu 1954 kanisa lenye msamaha wa kodi haliruhusiwi kumpigia debe mgombea. Lakini halizuiwi kuwaeleza waumini wagombea wanasema nini. Christian Coalition wakachapa vipeperushi kwa mamilioni: mgombea huyu kulia, yule kushoto, katikati orodha ya mambo. Vikagawiwa makanisani Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, wakati ambao mpinzani hana tena nafasi ya kujibu. Ukikisoma hakikuambii umchague nani. Ila ukimaliza kukisoma unajua.

Usiku tukaendesha kuelekea milimani. Mwenyeji wetu, Mkenya aliyeoa huku, alituwekea ugali na sukuma saa tano usiku. Mungu ambariki.

Jumapili, 22 Oktoba. Lynchburg

Mwenyeji alitupeleka kanisani kwake, kanisa dogo la Kibaptisti nje ya mji, ambalo sitalitaja. Watu kama 80, weusi tulikuwa watano tukijihesabu na mtoto. Walitupokea vizuri mno. Mzee mmoja mwenye mikono ya fundi seremala alituuliza Injili ilifikaje kwetu, nikamwambia bibi yangu alishuka kwa miguu kutoka Old Moshi mwaka 1960 kwenda kumsikiliza Billy Graham. Akanishika bega, macho yakamlenga machozi. Sikumwambia kwamba kabla ya Graham tulishakuwa Walutheri kwa miaka zaidi ya 60.

Ndani ya ratiba ya ibada, katikati ya tenzi na matangazo ya chakula cha Jumatano, ilikuwemo ile karatasi. Virginia wanachagua wabunge wa jimbo tarehe 7 Novemba. Karatasi ngumu kidogo, ya kung'aa, imekunjwa mara mbili. Picha mbili juu: mmoja katabasamu ofisini kwake, mwingine kakamatwa na kamera katikati ya neno, mdomo wazi. Safu tatu. Utoaji mimba, haki za wazazi shuleni, wanaume kwenye michezo ya wasichana, bunduki. Kila mstari: ANAUNGA MKONO, ANAPINGA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za dawa, kwamba karatasi hii haimuungi mkono mgombea yeyote.

Mchungaji hakuitaja hata mara moja. Alihubiri juu ya Nehemia na ukuta.

Shemeji akaikunja, akaitia kwenye kile kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria.

Mchana tukaenda Thomas Road, kanisa la marehemu Jerry Falwell. Alianza mwaka 1956 na watu 35 kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha soda za Donald Duck. Sasa lipo ndani ya kilichokuwa kiwanda cha Ericsson, na maegesho yake unaweza kupotea humo. Pembeni ni Chuo Kikuu cha Liberty, alichokianzisha 1971, ambako siku hizi mtu akitaka urais kupitia Republican sharti apite kupiga hodi. Seneta Ted Cruz alitangazia hapo nia yake mwaka 2015. Trump alikuja Januari 2016 akataja Waraka wa Pili kwa Wakorintho kwa namna ambayo, kwa Kiswahili, ingekuwa sawa na kusema "Wakorintho Wawili". Wanafunzi wakacheka. Novemba yake Wakristo weupe wa kiinjili wakampa kura, kama 8 kati ya 10.

Nikamsomea shemeji habari moja iliyonikaa kichwani. Tarehe 21 Machi 1965 Falwell alihubiri hapa Lynchburg kwamba wachungaji hawakuitwa kuwa wanasiasa bali kuvuta roho za watu. Alikuwa akiwasema kina mchungaji Martin Luther King, waliokuwa wakiandamana kudai haki za weusi. Mwaka 1979 mtu yuleyule akaanzisha Moral Majority, kundi la kisiasa la Wakristo wahafidhina, na akawa anawaambia wachungaji kazi yao ni tatu: mwokoe mtu, mbatize, mwandikishe kupiga kura.

"Watu hubadilika," shemeji akasema.

"Hubadilishwa na nini ndiyo swali."

Jumatatu, 23 Oktoba. Greenville, South Carolina

Jibu liko Greenville, na si lile wanalolisimulia wenyewe.

Ukimuuliza mtu yeyote wa harakati hii ilianzaje, atakwambia: mahakama iliruhusu utoaji mimba 1973, Wakristo wakaamka. Tatizo ni kwamba hawakuamka, walau si hawa. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini, ulipitisha azimio la kutaka sheria zinazoruhusu mimba kutolewa katika hali kadhaa, ikiwemo ya kubakwa na ya kuhatarika afya ya mama, hata afya ya akili. Uamuzi wa Roe ulipotoka, wengi wao waliona hilo ni jambo la Wakatoliki.

Kilichowaamsha viongozi wao kilikuwa kodi. Chuo Kikuu cha Bob Jones, tulichosimama nje ya geti lake leo saa nane mchana, hakikupokea wanafunzi weusi mpaka 1971. Kikaanza kuwapokea waliokwisha kuoa au kuolewa tu. Kuanzia 1975 kikawafungulia na wengine, lakini ole wako uchumbiane na wa rangi nyingine: unafukuzwa. Mwaka 1976 mamlaka ya kodi ikakinyang'anya msamaha wa kodi kwa ubaguzi huo. Miaka miwili baadaye ikapendekeza masharti kama hayo kwa shule binafsi za Kikristo, ambazo kusini nyingi zilifunguliwa pale tu shule za serikali zilipolazimishwa kuchanganya watoto. Barua za hasira zikamiminika Washington. Paul Weyrich, fundi wa siasa aliyekuwa akiwatafuta hawa wachungaji kwa miaka akiwajaribu kwa ponografia, kwa sala mashuleni, kwa mimba, bila mafanikio, alikiri baadaye kwamba ni suala la shule na kodi lililowanyanyua. Mimba ilikuja baadaye, walipohitaji jambo ambalo mtu anaweza kulisema hadharani bila aibu.

Najua wapo waliochukia utoaji mimba kwa moyo safi tangu siku ya kwanza, na wengine niliwaona jana. Sisemi wote. Nasema waliowasha mashine.

Kesi ya Bob Jones ilifika Mahakama ya Juu, chuo kikashindwa mwaka 1983, majaji 8 kwa 1. Kikalipa kodi, katazo kikabaki nalo. Kililiondoa mwaka 2000, baada ya George W. Bush, mwana wa yule Bush wa 1988, kwenda kuhutubia pale na waandishi wa habari kumshikia bango.

"Elfu mbili?" Shemeji akaegemea gari. "Elfu mbili mimi nilishapata viza."

Alinyamaza muda. Mwanawe wa kwanza anachumbiana na binti mweupe wa Pennsylvania, mwimbaji wa kwaya. Harusi ni Julai.

Msichana mmoja mweusi alitoka getini na begi mgongoni, akatusalimia kwa mkono, akaenda zake. Chuo kiliomba radhi mwaka 2008. Hayo nayo ni kweli.

Jumanne, 24 Oktoba. Dayton, Tennessee

Mji mdogo, mahakama ya matofali ya 1891 katikati ya miti. Hapa Julai 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe wa chini. Ghorofani viti vya mbao vingali vinalia ukikaa. Chini kuna makumbusho. Nje sanamu mbili: William Jennings Bryan aliyeendesha mashtaka, na Clarence Darrow aliyemtetea mwalimu. Bryan kawekwa 2005. Darrow alisubiri hadi 2017.

Faini ilikuwa dola 100, na baadaye ikafutwa kwa kosa la utaratibu. Bryan alishinda kesi akafa hapahapa Dayton siku tano baada yake. Magazeti ya miji mikubwa yaliwacheka watu wa hapa mpaka wakajifungia ndani, na ndiyo sababu miaka 50 iliyofuata wengi waliiona siasa kuwa najisi.

Jambo ambalo watu hulisahau: Bryan hakuwa Republican. Alikuwa mgombea urais wa Democratic mara tatu, mtetezi wa wakulima dhidi ya mabenki. Biblia ileile.

Tulikula samaki wa kukaanga, tukalala mapema.

Jumatano, 25 Oktoba. Montgomery, Alabama

Tulikuwa tunakaribia Birmingham redio ilipokatiza matangazo: baada ya siku 22 bila Spika, Baraza la Wawakilishi limempata. Mike Johnson wa Louisiana, kura 220. "Nani?" tukaulizana wote wawili, na nadhani nusu ya Marekani iliulizana hivyo. Mbaptisti wa Kusini, mwanasheria aliyeshinda miaka mahakamani akitetea kesi za kundi la kisheria la Kikristo, mbunge tangu uchaguzi wa 2016. Kwenye hotuba yake alisema Biblia iko wazi kwamba Mungu ndiye anayewainua walio na mamlaka.

"Warumi 13!" shemeji akapiga usukani.

Aya hiyo naijua. Kwetu husomwa kila serikali inapotaka watu watulie.

Montgomery tulifika jioni. Jengo la mahakama za Alabama: humu jaji mkuu Roy Moore, usiku wa mwaka 2001, aliingiza jiwe lenye Amri Kumi, uzito wake zaidi ya kilo 2,300. Mahakama ya shirikisho ikaamuru liondolewe, akakataa, likaondolewa Agosti 2003 na yeye mwenyewe akavuliwa ujaji Novemba. Watu walisali nje kwenye ngazi wakilia. Leo pamefagiliwa tu, pana mlinzi na mashine ya kukagua mifuko.

Dakika chache kwa miguu ni kanisa la Dexter Avenue, dogo, jekundu, karibu kabisa na ngazi za bunge la jimbo. Hapa alichunga King. Desemba 1955, usiku mmoja, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson na wenzake walichapa vipeperushi kwa makumi ya maelfu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kesho yake vikagawiwa mji mzima, na mgomo wa weusi dhidi ya ubaguzi kwenye mabasi ukadumu siku 381. Makanisa yalipanga magari ya kubeba watu kama daladala.

Nilisimama pale nikiikumbuka ile karatasi kwenye gari. Mchungaji, orodha ya majina, mashine ya kuchapa, Jumapili. Falwell alipokuwa anawakemea hawa, bila shaka alikuwa pia anawaangalia wanavyofanya.

Alhamisi, 26 Oktoba. Selma, Jackson, Shreveport

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Daraja la Selma tulilivuka kukiwa bado na ukungu. Maandamano ya kina King ya kwenda Montgomery kudai haki ya kupiga kura yalianza hapa tarehe 21 Machi 1965, Jumapili ileile Falwell aliyokuwa Lynchburg akiwaambia wachungaji wasiandamane. Nilimwambia shemeji, akapunguza mwendo, hakusema kitu.

Jackson, Mississippi, tulisimama kujaza mafuta na kuona nyumba moja. Ilikuwa kliniki ya mwisho ya kutoa mimba jimboni, yenye rangi ya waridi kali, na ndiyo iliyokuwa upande mmoja wa kesi iliyofuta Roe. Sasa imepakwa nyeupe, ni duka. Hakuna kibao. Shemeji alivua kofia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kwa watoto." Baada ya kitambo akaongeza, "Na kwa mama zao." Sikubishana naye. Kazini kwangu nimeshamshika mkono msichana aliyekuwa karibu kufa kwa mimba iliyoharibika. Hayo aliyajua, ndiyo maana aliongeza.

Barabara ya 20 ni ndefu na haina la kutazama, ikatupa muda wa kugombana vizuri. Nilimkumbusha PEPFAR, mpango wa dawa za UKIMWI alioanzisha Rais Bush mwana mwaka 2003. Waliomsukuma walikuwemo hawahawa Wakristo wahafidhina. Shangazi yangu Kiboriloni anakula ugali leo kwa sababu yao, na sitajifanya silijui hilo. Lakini tarehe 30 Septemba mwaka huu muda wa sheria yake umepita bila kuongezwa miaka mitano kama ilivyokuwa 2008, 2013 na 2018, kwa sababu makundi yao yanadai fedha zinagusa watoaji mimba. Fedha mpaka leo, Oktoba 2023, hazijakatika. Ila shangazi sasa yumo kwenye karatasi ya mtu fulani, safu ya kulia au ya kushoto, na hajui.

Shreveport tulipita saa kumi na moja jioni. Kwao Spika mpya. Redio ya huko ilikuwa inamsifu bila kupumua.

Ijumaa, 27 Oktoba. Dallas

Gari tumelikabidhi. Kaka yake Elisha akalizunguka mara tatu, akapiga teke tairi, akaridhika.

Nikawaburuta wote wawili kwenda mjini kuona ilipokuwa Reunion Arena. Agosti 1980 wachungaji na waumini kwa maelfu walijaa humo, Ronald Reagan, aliyekuwa akigombea urais, akawaambia: najua ninyi hamwezi kuniidhinisha mimi, lakini nataka mjue mimi nawaidhinisha ninyi. Sheria ya 1954 alikuwa anaifahamu vizuri. Rais Carter, Mbaptisti mwenyewe, mwalimu wa shule ya Jumapili, akaangushwa Novemba. Uwanja ulibomolewa 2009. Kuna nyasi na uzio.

"Tumekuja kuangalia nyasi?" akauliza kaka mtu.

Kesi ya Roe yenyewe ilifunguliwa mji huuhuu mwaka 1970. Wade, yule aliyeshitakiwa na Roe, alikuwa mwendesha mashtaka wa Dallas. Nilikuwa naanza kuwaeleza hivyo, shemeji akawa hanisikii. Alikuwa ameitoa ile karatasi ya Lynchburg mfukoni, kaigeuza nyuma, anasoma maandishi madogo akiwa ameisogeza mbali na macho kwa sababu miwani kaisahau.

"Shemeji, hapa kuna namba. Wanasema makanisa yanaweza kuagiza, bure."

"Ndiyo."

"Kanisani kwetu tuko kama 150. Nusu tushapata uraia. Wale Wakongo wa ibada ya saa nane nao wameanza kuapishwa." Akaikunja palepale ilipokuwa na mkunjo. "Unadhani wanaweza kutuchapia ya Kiswahili?"

Kaka yake alikuwa ameshawasha gari.